Machela ya Dorika

Katika kijiji cha Songambele, ng'ambo ya mto Ndurumo ukitokea Kiomboi, aliishi mwanamke aliyeitwa Dorika, mke wa Zefania, ambaye alikuwa akisema uongo kwa moyo mweupe kabisa. Hakuusema ili apate kitu, wala ili mtu aumie. Aliutumia kama mpishi anavyotumia chumvi: akionja mambo akayaona yamepooza, anaongeza kidogo. Mumewe, mfuga mbuzi mpole, alikwisha kumzoea. Jirani akimwuliza habari yoyote ya kijiji, Zefania alijibu kwamba angoje kwanza ajue Dorika amesemaje, wasije wakapishana.

Hata chama chake cha machela kilizaliwa kwa hila. Ulikuwa mwaka ule watu waliposhushwa kutoka vilimani mwao na kuwekwa pamoja, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Zamani kila ukoo ulikuwa na kilima chake, na mgonjwa alibebwa na ndugu zake. Sasa jirani wa kushoto hukumjua babu yake, na wa kulia mlikuwa na kesi naye ya ng'ombe tangu enzi za mkoloni. Katika masika ya kwanza Magdalena, mke wa Simeoni, alishikwa na uchungu wa uzazi usiokwisha. Simeoni alikuwa ametoka upande wa Kinyangiri peke yake, hana ndugu hata mmoja pale kijijini. Wanaume walijaa uani kwake wakibishana ni ukoo gani unaopaswa kubeba, na kama kutakuwa na mbuzi wa wabebaji kama desturi ilivyotaka. Walipokuja kuelewana jua lilikuwa limeshageuka. Magdalena alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakufika.

Dorika alikuwepo uani siku ile, akimshika Magdalena mgongo. Hakusema neno jioni yote, na jambo hilo lilimtia Zefania wasiwasi kuliko kama angepiga kelele.

Baada ya mavuno aliwakusanya wanawake wenzake wakapika pombe ya uwele, mitungi kwa mitungi, na togwa kwa ajili ya Waislamu na wazee wa kanisa. Kijiji kizima kikaalikwa, bila kuambiwa sababu. Watu wakanywa, wakaimba, wakasifu. Mitungi ilipobaki machicha, Dorika akasimama akawashukuru wote kwa kujiunga.

Mwenyekiti wa kijiji akauliza, kujiunga na nini. Dorika akaeleza kwa upole kwamba pombe waliyokunywa ni pombe ya kazi, na tangu mababu anayekunywa pombe ya kazi anadaiwa kazi. Kazi yenyewe ni bega. Mgonjwa akizidiwa, waliokunywa watabeba, kwa zamu, bila kuuliza ukoo na bila kudai mbuzi. Waliokunywa togwa nao mabega yao yanajulikana. Kisha kila nyumba itatoa debe la uwele kila mavuno, liingie kwenye kihenge cha chama, ili wabebaji wale njiani na nyumba ya mgonjwa isilale njaa. Asiyetoa debe habebwi.

Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekunywa kuliko wote, aliona heri aseme haraka kwamba jambo hilo ni la kijamaa halisi na kwamba yeye alikuwa akilifikiria siku nyingi. Hapo likawa limepita.

Simeoni peke yake hakuwa amekunywa. Alikaa kando na kibuyu chake cha maji, na Dorika alipomfuata siku ya pili kuomba debe, alimjibu pasipo hasira. "Wangu alipokuwa anakufa, mama, mliuliza ukoo. Leo mmepata akili mnataka uwele wangu. Kabebeaneni." Dorika, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, aliondoka na debe lake tupu.

Machela ilitengenezwa kwa miti miwili mirefu na ngozi ya fahali iliyosukwa kamba, ikaning'inizwa barazani kwa Dorika. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga debe tupu kuita wabebaji. Na yeye ndiye aliyekuwa mkali wa sheria. Mkutanoni alirudia kila mara: asiye na debe habebwi, hata akiwa nani. Watu walimwogopa, na kihenge kilijaa.

Lakini Dorika hakuweza kumwacha mtu afe. Ikawa hivi: mtu asiyetoa debe akizidiwa, na nyumba yake ikaja kulia kwake, Dorika alikunja uso, akafikiri, halafu akakumbuka jambo. Alikumbuka kwamba bibi wa mgonjwa, kabla hajafa, aliacha debe kwake kwa siri. Au kwamba shangazi yake wa Ndago alimtumia uwele mwaka jana. Theresia, mjane aliyekuwa akiishi karibu na kisima, alipoumwa na nyoka alielezwa kwamba amekuwa mwanachama miezi mingi bila kujua. Akabebwa. Aliporudi amepona, Dorika alimwapisha kwa kaburi la mama yake kwamba hatamwambia mtu. Sheria ikijulikana kuwa haina meno, alisema, kihenge kitabaki na panya.

Watu wa namna hiyo waliongezeka mwaka hadi mwaka, na kila mmoja aliamini yuko peke yake.

Sasa siku moja ya kiangazi akaja kijana mmoja na mkoba, jina lake Antipasi. Alikuwa Mnyaturu wa upande wa Mgori, mtani wa watu wa pale, anasomea udaktari chuo kikuu kule Dar es Salaam. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye adabu ya kuamkia hata watu waliomzidi miaka miwili tu. Mwenyekiti alimpeleka moja kwa moja kwa Dorika, akamwacha hapo kama mtu anayetua mzigo.

Antipasi alieleza shida yake. Walimu wake walitaka kujua jambo moja. Watu wakijiwekea akiba pamoja kwa ajili ya ugonjwa, je, siku ya dharura ikifika wanapona zaidi kuliko wasiojiwekea? Au ni kujifariji tu? Amesikia Songambele kuna chama. Basi anataka kuwaona wanachama waliowahi kuzidiwa, na wasio wanachama waliowahi kuzidiwa, awaulize kila mmoja ilikuwaje, halafu awalinganishe.

Dorika akamkaribisha uji, na wakati anakoroga alikuwa anapiga hesabu kichwani. Wanachama waliozidiwa walikuwepo tele. Wasio wanachama waliozidiwa walikuwepo pia, lakini wote walibebwa, na wote walikwisha kuwa wanachama kwa ulimi wake. Akimwonyesha hata mmoja, siri imetoka.

"Wasio wanachama hawaugui, mwanangu," akamwambia.

"Hawaugui kabisa, mama?"

"Mafua."

Antipasi alimtazama kidogo, akanywa uji, akasema asante.

Alikaa wiki kadhaa katika chumba cha pembeni cha Zefania, akizunguka nyumba hadi nyumba. Alisikiliza vizuri, hata vikongwe walimpenda, maana aliwaacha wamalize. Dorika alimfuata kama kivuli mchana kutwa, akiwa na kisingizio cha kuni au cha chumvi. Mwanachama akianza kueleza, Dorika alikohoa panapostahili. Theresia alipoulizwa alitoa debe lake lini, alimtazama Dorika, akatazama juu, akasema lilitolewa na mizimu. Antipasi aliandika hivyo hivyo.

Kisha mwenyekiti akaitisha mkutano, mgeni aeleze kazi yake imefikia wapi. Antipasi akasimama, akawashukuru wote, akasema kazi bado changa. Ila mpaka sasa ameona jambo moja la ajabu. Kila mtu wa Songambele aliyepata ugonjwa wa ghafla tangu chama kianze, nyoka, uzazi mgumu, kuvunjika, homa ya kichwa, ni mwanachama wa machela. Asiye mwanachama hata mmoja hajawahi kupata dharura yoyote. Katika vitabu vyake hajasoma kitu kama hicho. Alisema hayo bila kutabasamu, akakaa.

Mkutano ulikaa ukiyatafuna maneno yale. Mtu wa kwanza kuyameza alikuwa Simeoni, kutoka nyuma. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba yeye miaka yote hii hajatoa debe, na miaka yote hii hajaumwa hata jino.

Dorika alijaribu kucheka, lakini kicheko kilitoka peke yake na hakuna aliyekisindikiza. Watu walikuwa wakihesabu jamaa zao kwenye vidole: fulani alijiunga, akavunjika mguu, fulani alijiunga, akaumwa na nyoka mwaka ule ule. Mkutano ulipovunjika baba mmoja mwenye watoto wengi alimwendea Dorika, akamwamkia kwa heshima, na kumwuliza kama mtu anaweza kurudishiwa uwele wake taratibu, bila ugomvi.

Kesho yake asubuhi walikuja na vikapu. Hawakuwa na ubaya. Walisalimia vizuri, wakauliza hali ya mbuzi, wakachota madebe yao kihengeni na kwenda. Dorika alisimama mlangoni akiwaeleza kwamba ugonjwa hautoki kwenye uwele. Walikubaliana naye kabisa, wakaendelea kuchota.

Akakimbilia kwa Theresia. Akamsihi ajitokeze aseme ukweli, kwamba alipoumwa na nyoka hakuwa mwanachama. Theresia alikataa katakata. Aliapishwa kwa kaburi la mama yake, na mama yake alikuwa mtu wa hasira hata alipokuwa hai. Akaenda kwa mwingine, na mwingine. Wote walikuwa wameapa, na Dorika mwenyewe ndiye aliyechagua viapo vinavyotisha. Alirudi nyumbani. Zefania alipomwuliza yeye aseme nini akiulizwa na majirani, alijibiwa kwamba kwa mara ya kwanza hajui.

Wachotaji walikuwa bado kwenye kihenge siku iliyofuata, kikapu hiki kinaingia na kile kinatoka, Magdalena alipokuja. Alikuwa amejifunga khanga kichwani hadi machoni, na alipitia nyuma ya nyumba. Simeoni alikuwa na ngiri ya zamani ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Sasa ilikuwa imetoka na kukataa kurudi, imekuwa ngumu kama jiwe, na alikuwa anatapika. Ilianza lini? Magdalena alisema imeanza juzi, mchana ule wa baada ya mkutano. Amekataza mtu yeyote asiambiwe.

Dorika alikwenda naye. Alimkuta Simeoni amejikunja kwenye kitanda cha kamba, jasho linamtiririka, midomo imekauka, na bado ana nguvu ya kubisha. Alisema hatabebwa na chama. Kwanza hana debe humo. Pili, kitu chenyewe kinaleta magonjwa, mgeni amesema. Tatu, hawezi kupitishwa mbele ya watu wale wale aliowaambia juzi kwamba hajaumwa jino.

Hapo Dorika alikuwa amebanwa pande zote. Hila za bibi aliyeacha debe zisingefaa, maana Simeoni angezikana kwa sauti. Akimbeba waziwazi bila debe, sheria imekufa mbele ya kijiji kizima. Na akiishika sheria, atakayekufa ni Simeoni. Akatoka nje, akasimama uani akijikuna kiwiko. Halafu akarudi kwake mbio, akaishusha machela kutoka barazani na kupiga debe.

Watu walikusanyika, vikapu mikononi. Antipasi naye alitoka chumbani kwake. Dorika akawatangazia kwamba kwa kuwa chama kinavunjika, ameamua machela ipelekwe Kiomboi kwa fundi wa ngozi, ikazwe kamba, ipate kuuzwa kwa heshima. Inatoka sasa hivi. Anataka wanaume wa kuibeba.

Mtu mmoja akasema machela tupu inabebwa na mtu mmoja kichwani. Dorika akamjibu kwamba hii ni ya wanne, na ni lazima ipitie kwa Simeoni.

"Kwa Simeoni kuna fundi?" akauliza mwenyekiti.

"Kuna njia ya mkato," alisema Dorika. "Na ndugu Mwenyekiti, nisikilize vizuri. Sheria inasema asiye na debe habebwi. Hatumbebi mtu. Tunapeleka machela kwa fundi. Njiani kama mtu mzima atajilaza juu yake kwa hiari yake, mimi macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinavyowashwa nyumba kwa nyumba. Vikapu vikawekwa chini. Wakaenda kwa Simeoni, wakaitua machela kando ya kitanda chake, wakageuka wote wakatazama ukutani. Simeoni aliuliza hiyo ni nini. Akaambiwa ni machela inakwenda Kiomboi kukazwa kamba, haihusiani naye. Alilala akifikiri, na maumivu yakamsaidia kufikiri upesi. Wakasikia kamba za ngozi zinalia kwa uzito. Walipogeuka, mwenyekiti alisema kwa mshangao kwamba machela imekuwa nzito, wakainyanyua.

Walikwenda kwa mwendo wa kukata pumzi, wakibadilishana mabega. Antipasi aliomba zamu mapema, na hakuikataa hata bega lilipomchubuka na shati likagandia ngozi. Kila walipopumzika alimshika Simeoni mshipa wa mkono na kumlowesha midomo kwa kitambaa, akawaambia wengine wasimpe chakula wala maji ya kunywa. Mtoni maji yalikuwa haba lakini mawe yalikuwa mabaya. Waliposhuka, Simeoni aliuliza kati ya kuugua kwake kama fundi wa ngozi anakaa karibu na hospitali. Dorika alimjibu kwamba anakaa humo humo. "Basi nitamwamkia," alisema Simeoni, akafumba macho, na kuanzia hapo hakusema tena, jambo lililowafanya waongeze mwendo.

Alipasuliwa alasiri ile ile. Daktari alipotoka alisema kipande cha utumbo kilikuwa kimeanza kugeuka rangi, lakini kimerudi. Kwamba wangechelewa hadi jioni asingeahidi kitu. Na kwamba mtu mwenye ngiri ya namna hiyo anatakiwa aje siku ile ile inapokataa kurudi, si siku ya tatu.

Wabebaji walilala chali kwenye nyasi za uwanja. Dorika alikaa ukutani kwenye kivuli, miguu imenyooka mbele, na Antipasi akaja kukaa karibu naye. Alikaa kwa mashaka, upande mmoja, kwa ajili ya bega.

"Mama," alisema, "najua wote mnawabeba."

Dorika alitazama miguu yake.

Antipasi alimweleza kwamba alijua tangu wiki ya kwanza. Mtu anayedai kutoa debe miaka yote lakini hajui kihenge kina mlango upande gani, si mwanachama. Na mizimu haitoi uwele. Pale mkutanoni alisema vile kwa makusudi, amchokoze kidogo, aone atatokaje. Hakufikiria vikapu. Hilo lilikuwa kosa lake, na angelisema mbele ya watu.

"Utalisema," alisema Dorika. "Wewe ni mtani, tutakupiga faini ya mbuzi." Lakini alikuwa amepata nafuu kusikia kuna mwongo mwingine hapo ukutani.

"Kuna jingine, na hili si utani." Antipasi alisema polepole. "Nimewauliza wale wako wa siri kitu kimoja ambacho hukukikoholea, kwa sababu hukudhani kina maana. Niliwauliza: ulianza kuumwa lini, na ulikuja lini kwa Dorika? Wenye debe wanakuja asubuhi hiyo hiyo. Wasio na debe wanakaa. Wanakaa siku, siku mbili, wanatafuta ndugu, wanaona haya. Hawajui kwamba utawabeba. Umewaapisha wasiambiane."

Dorika akawapitia kichwani mmoja mmoja. Kulikuwa na mzee mmoja, Philipo, aliyechomwa pembe na fahali miaka miwili nyuma. Nyumba yake ilikuja kulia kwake, naye akakumbuka debe la marehemu dada yake, wakambeba mbio, akafia mtoni. Dorika alikuwa amejiambia ni siku zake zilizofika. Aliwahi hata kujipongeza kimoyomoyo kwamba angalau alibebwa.

"Philipo," alisema.

"Mkewe ameniambia," alisema Antipasi. "Alichomwa Jumanne, wakaja kwako Alhamisi. Alisema wasikusumbue."

Dorika alikaa hapo hadi kivuli kikamwacha. Mbaazi zilizokuwa zimechemshwa na wake za wagonjwa ziligawiwa, akapewa zake kwenye jani, akazishika bila kula. Wale waliomwona siku ile walisema hawakuwahi kumwona Dorika mzee hivyo. Halafu, kama ilivyokuwa kawaida yake, alianza kujikuna kiwiko.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kila mtu abebwe, lakini asiye na debe akirudi apitishwe kijijini kwa ngoma na wimbo wa kumsema. Antipasi alimwambia kwamba hiyo ni haya ile ile, imevishwa kengele. Wazo la pili, debe lidaiwe mtu akishapona, nalo walilikataa wenyewe. Mgonjwa angelala anawaza deni. Jua lilikuwa linazama walipofika kwenye la tatu, na hilo alilipata Dorika akiwa anamtazama muuguzi mmoja akimnyang'anya shemeji yake kofia.

Walirudi Songambele bila Simeoni, ambaye aliachwa wodini na Magdalena. Mkutano uliitishwa. Antipasi alisimama akasema alichokisema mara ya kwanza hakikuwa sawa, na sababu yake. Kisha Dorika akasimama akafungua viapo vyote kwa mkupuo: akawaita kwa majina wote aliowabeba bila debe, mmoja mmoja, wakisimama. Kila aliyesimama alitazama nyuma na kuona wengine wamesimama. Theresia alisimama akashika kiuno na kusema kwamba kumbe alikuwa akiogopa kaburi la mama yake bure. Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika ng'ambo ya korongo, na wenye vikapu walicheka kuliko wote, maana karibu nusu yao walikuwa wamesimama.

Dorika akangoja wamalize. Akasema kuanzia leo hakuna mwanachama wala asiye mwanachama. Ukiumwa, piga kelele. Machela ipo barazani, aliye karibu apige debe. Habari ya uwele asiulizwe mgonjwa kamwe. Uwele utatafutwa na wengine, wakati wake, mahali pake.

Mwenyekiti aliuliza, je, watu wakikataa kutoa? Dorika alisema hatawaomba.

Mavuno yaliyofuata ndipo walipoelewa. Uwele ulipokuwa umepurwa na kupepetwa, bado uko uwanjani haujaingia ndani, waliingia mashemeji. Dorika alikuwa amezipanga nyumba zote za Songambele: kila nyumba ivamiwe na mashemeji zake wa kike, watu ambao kwa desturi huwezi kuwafukuza wala kuwakasirikia, wanaoweza kukuvua hata kanzu ya sherehe ukabaki unacheka. Walikuja na debe na vigelegele, wakamtukana mwenye uwanja matusi yote yanayoruhusiwa, wakamkalisha chini, wakamkogesha pumba kichwani, wakachota debe moja lililojaa na kuondoka nalo wakiimba. Mwenye kulia njaa kweli walimwachia, lakini pumba alikogeshwa vile vile, ili asijulikane nani ametoa na nani hakutoa. Hilo la pumba ndilo alilojivunia Dorika kuliko yote. Kijiji kizima kilikuwa cheupe kichwani siku ile, na hata mwenyekiti, aliyejaribu kukimbilia ofisini, alikamatwa mlangoni.

Kwa Simeoni hawakuwepo mashemeji. Ndugu wa Magdalena walikuwa mbali. Dorika alikwenda mwenyewe. Simeoni, ambaye sasa alikuwa anatembea wima, alikuwa ameketi uwanjani kwake na debe limejaa mbele yake, amelifunika kwa ungo. Alimwambia kwamba yeye hapendi kukogeshwa pumba na kwa hiyo amejichotea. Dorika alimshukuru, akajitwika debe, akapiga hatua mbili, halafu akarudi akamwagia pumba konzi mbili kwenye utosi, akasema sheria ni sheria. Magdalena, mlangoni, alicheka mpaka akashika mwimo. Dorika hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ile ya uani.

Antipasi alirudi chuoni na kazi yenye shimo katikati. Alikuwa ameomba alinganishe walio ndani na walio nje, na pale alipokuwa anaanza kuwaona vizuri walio nje, Dorika akawaingiza wote. Walimu wake, alivyosimulia baadaye, walimwuliza kundi la kulinganisha liko wapi. Aliwajibu kwamba limekogeshwa pumba. Walimrudisha akafanye kazi kijiji kingine, na akaifanya, na akafaulu. Lakini kila likizo alipopita kwenda Mgori alishukia Kiomboi na kutembea kwa miguu hadi Songambele kuwaamkia.

Faini yake ya mbuzi aliilipa. Alimleta mwaka uliofuata, mbuzi dume mwenye tabia mbaya, akamkabidhi kwa Zefania. Zefania alimkagua meno, akamkagua kwato, akauliza ametoka wapi. Antipasi alifungua mdomo kujibu, na Dorika, aliyekuwa akikoroga uji nyuma yao, akajibu kabla yake kwamba mbuzi huyo ametumwa na shangazi yao wa Ndago.